Kanisa Lililogeuka Gereza: Mazungumzo juu ya Mawe ya Wenzetu Walioondoka





Sisi wa Tume ya Haki na Amani tulikusudia kuzungumza leo juu ya nyumba na ardhi, kwa kuwa malalamiko mengi yanayotufikia ni ya nyumba na ardhi. Tutafika huko. Lakini tumeona heri tuanze mbali kidogo, kwa sababu ya swali tuliloulizwa na kijana mmoja wa mafundisho ya Kipaimara. Tulikuwa tumewapeleka vijana hao Forodhani, tukaingia nao Ngome Kongwe, tukawaonyesha mabaki ya kuta za kanisa dogo la Wareno yaliyomo ndani ya kuta za ngome ile. Kijana akauliza: ikiwa hapa palikuwa kanisa, mbona bibi yangu hupaita Gerezani?

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulipokwenda kusoma na kuwauliza wanaojua, tulirudi na mambo mengi kuliko tuliyoyafuata.

Wataalamu wengi wa lugha wanaeleza kwamba neno letu gereza limetokana na neno la Kireno igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Kireno kilituachia maneno mengi, na mengi ni ya mambo mema au ya kawaida: meza, leso, kasha, bendera, mvinyo, karata, na hata padri. Lakini neno lao la kanisa, lilipopita katika vinywa vya wazee wetu wa pwani, halikubaki na maana ya nyumba ya sala. Liligeuka likawa jina la ngome, kisha likawa jina la mahali pa kufungia watu. Wareno walijenga kanisa na boma mahali pamoja, na mtu wa nje aliyetazama ukuta hakuona tofauti. Waarabu wa Omani walipowaondoa Wareno katika pwani hii, baada ya Ngome ya Yesu ya Mombasa kuanguka mwaka 1698, walijenga ngome yao hapa Unguja mahali palepale penye kanisa lile, wakazitumia kuta zake. Baadaye ngome ikafungiwa wahalifu. Hapo jina likakamilika.

Wapendwa, sisi tuliozoea kusema kwamba Kanisa ni mama, tukae kidogo na jambo hili. Watu wa pwani hawakututukana. Walitaja tu walichokiona.

Je, waliona nini? Mapema mwaka 1499 merikebu za Vasco da Gama zilipita karibu na kisiwa hiki zikirudi kwao kutoka Bara Hindi. Miaka minne baadaye, mwaka 1503, nahodha Rui Lourenço Ravasco alikuja na merikebu yake, akateka vyombo vya watu vilivyokuwa vikipita na bidhaa zao, akapiga mizinga, akaua watu, na mwishowe akamlazimisha mtawala wa Unguja kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka kwa mfalme wa Ureno. Hakukuwa na ugomvi wowote kabla ya hapo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza watu wa Unguja kukutana kwa karibu na watu waliobeba msalaba juu ya matanga yao. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Augustino walikuja baadaye, na hatuna shaka kwamba miongoni mwao walikuwamo watu wa Mungu. Lakini walikuja katika njia iliyokwisha kufunguliwa na mizinga.

Nasi tukauliza: watu hao walijifunza wapi kuchanganya hivyo msalaba na upanga? Jibu ni kwamba walijifunzia nyumbani kwao, kwa majirani zao wenyewe.

Huko Ureno, katika jimbo la Alentejo karibu na mpaka wa Hispania, uko mji mdogo wa mlimani uitwao Castelo de Vide. Una ngome juu, chemchemi ya mawe chini, na katikati vichochoro vyembamba vinavyopanda na kushuka. Mtu wa Mji Mkongwe akitembea humo hatajiona mgeni sana. Mtaa mmoja wa mji huo ulikuwa wa Wayahudi, nayo nyumba ndogo iliyokuwa sinagogi lao ipo hadi leo na imefanywa makumbusho. Wageni huonyeshwa milango ya zamani ya mtaa ule. Kwenye baadhi ya miimo ya mawe kuna kijishimo kilichochongwa upande mmoja, mahali ambapo Myahudi huweka kibweta chenye maneno ya Torati ili ayaguse kila aingiapo na kila atokapo. Kibweta hakipo tena. Shimo limebaki.

Walikwenda wapi wenye milango hiyo? Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Wayahudi wote katika nchi yao, na maelfu wakavuka mpaka kuingia Ureno. Mfalme wa Ureno aliwatoza fedha kwa kuwaruhusu kukaa miezi michache. Desemba 1496 mfalme aliyefuata, Manuel, naye akatoa amri kwamba Wayahudi waondoke. Lakini hakutaka kuwapoteza, maana walikuwa mafundi, waganga na wafanyabiashara wake. Basi mwaka 1497, wakati wa Pasaka, aliagiza watoto wanyang'anywe wazazi wao na kubatizwa kwa nguvu. Na wazazi waliokusanyika Lisbon wakitumaini kupewa merikebu za kuondokea, wengi wao walibatizwa vivyo hivyo. Wakaitwa Wakristo Wapya. Mwaka 1506 kundi la watu huko Lisbon, likichochewa na watawa wawili, liliwaua Wakristo Wapya kwa siku kadhaa mfululizo. Mwaka 1536 likaanzishwa Ureno baraza la kuchunguza imani za watu, lijulikanalo kwa jina la Inkwizisyo, nalo likawafuatilia hao hao na watoto wao: nani anabadilisha shuka siku ya Ijumaa jioni, nani hali nyama ya nguruwe, nani ananong'ona sala asizofundishwa na padri.

Tunatumia neno ubatizo hapa kwa uchungu. Makatekista mliopo mnajua mafundisho yetu: mtu mzima hawezi kubatizwa bila kutaka mwenyewe, na mtoto hapewi bila ridhaa ya wazazi wake. Mafundisho hayo hayakubuniwa jana. Yalikuwapo hata siku zile. Yaliwekwa kando.

Sasa tazameni jinsi kisa hiki kilivyosafiri hadi kufika jirani na sisi. Merikebu zile za mwaka 1499 tulizozitaja zilikuwa na abiria mmoja ambaye hakutoka Ureno. Alikuwa Myahudi aliyekuwa akimtumikia mtawala wa Goa. Alikamatwa mwaka 1498 penye kisiwa cha Anjediva, akapigwa hata akaeleza habari zake, na Vasco da Gama akamchukua. Alibatizwa akaitwa Gaspar da Gama, kwa jina la aliyemteka. Alijua lugha nyingi, kwa hiyo wakamfanya mkalimani wao. Basi mtu huyo alipita mbele ya kisiwa chetu, hapo baharini tunapopatazama kila jioni, mwaka uleule ambao Wayahudi wa Ureno walikuwa katika mwaka wa pili wa majina yao mapya.

Wa pili alizaliwa Castelo de Vide kwenyewe, kiasi cha mwaka 1501, kwa wazazi waliokuwa wamefukuzwa Hispania. Jina lake Garcia de Orta. Alisomea uganga, mwaka 1534 akasafiri kwenda Bara Hindi, akakaa Goa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1563 alichapisha huko kitabu kikubwa juu ya dawa na viungo vya nchi za mashariki, na ndani yake ameandika habari za mdalasini, za pilipili, na za karafuu, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya mkarafuu wa kwanza kupandwa katika udongo wa Unguja. Aliheshimiwa na magavana. Alikufa mwaka 1568. Mwaka uliofuata dada yake, Catarina, alihukumiwa na Inkwizisyo ya Goa kwamba alishika dini ya Kiyahudi kwa siri, akachomwa moto. Mwaka 1580 mifupa ya Garcia mwenyewe ilifukuliwa kaburini nayo ikachomwa.

Kwa nini tunawasimulia habari za Goa? Kwa sababu Goa ndiyo ilikuwa makao makuu ya Wareno katika bahari hii yote, na pwani yetu ilitawaliwa kutoka huko. Inkwizisyo ya Goa ilianza mwaka 1560, na ukiacha miaka michache iliposimamishwa, haikufutwa hadi mwaka 1812. Mkono wake ulifika Afrika Mashariki. Na hapa tunakuja kwa kijana wa kwetu.

Hasan, Sultani wa Mombasa wa ukoo wa Malindi, aligombana na kapteni wa Kireno, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa kwa hila za Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, ambaye alikuwa na umri wa miaka kama saba, naye alipelekwa Goa, akalelewa na Waaugustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kuwa mfalme, Mkristo, mwenye mavazi ya Kireno, akiwatawala watu wake Waislamu. Ndipo ikaonekana kwamba usiku alikuwa akienda kwenye kaburi la baba yake, akaomba huko kwa desturi ya Kiislamu. Mtu alimwona. Habari ikamfikia kapteni wa ngome, na kapteni akaazimia kumpeleka Goa mbele ya Inkwizisyo.

Mnaona jinsi alivyofanana na watu wa Castelo de Vide? Kwa nje jina la Kikristo, kwa ndani sala ya baba yake. Na jirani anayechungulia.

Yaliyofuata ni mabaya, na haki inatutaka tuyaseme pia. Agosti 16, 1631, Yusuf aliingia Ngome ya Yesu na watu wake, akamuua kapteni kwa mkono wake. Siku zilizofuata waliuawa Wakristo wapatao 150 waliokataa kuikana imani yao: mapadre, Wareno pamoja na wake zao na watoto, na Waafrika waliobatizwa. Kanisa linawakumbuka kwa jina la Mashahidi wa Mombasa, nasi tunawaheshimu, maana walikufa kwa uaminifu. Yusuf aliwatendea wengine jambo lile lile alilotendewa akiwa mtoto: chagua, dini hii au kifo. Alikufa baadaye ugenini, akizunguka baharini na merikebu kama haramia. Sisi tunaposimulia habari za mashahidi hao tumezoea kuanza na Agosti 16. Tunaona si haki. Tuanze na mtoto wa miaka saba aliyepandishwa merikebuni baada ya kuuawa baba yake.

Sasa turudi Unguja, kwenye Minara Miwili. Kanisa letu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa na wamisionari Wafaransa wa Roho Mtakatifu katika miaka ya 1890. Waliosali humo tangu mwanzo walikuwa watu wa namna mbalimbali, na kundi moja kubwa lilikuwa la Wagoa. Ndiyo, watu wa Goa ile ile. Mababu zao walibatizwa chini ya Wareno wakapewa majina ya Kireno, na karne nyingi baadaye watoto wao walikuja Unguja kutafuta riziki wakiwa Wakatoliki kamili, wenye imani wasiyohitaji kulazimishwa na mtu. Ndipo palipofumbwa fumbo ambalo hatuwezi kulifumbua sisi, kwamba Mungu alichuma tunda zuri katika mti uliopandwa vibaya. Walikuwa makarani, washonaji, waoka mikate, wapiga muziki, wapiga picha. Nyingi katika picha za zamani za Unguja mnazoziona zikiuzwa madukani zilipigwa katika studio ya Mgoa, A. C. Gomes.

Kundi jingine lilikuwa la wazee wetu waliokombolewa utumwani, wengi wao kutoka nchi za Ziwa Nyasa na Maziwa Makuu, na pia waliovuka kutoka bara kuja kuchuma karafuu. Makundi haya mawili yalipokea Mwili mmoja wa Bwana, lakini hayakuwa na maisha mamoja. Klabu za Wagoa zilikuwa za wenyewe kwa wenyewe. Mtoto wa mchukuzi hakualikwa humo. Tunasema hivi kwa sababu kumbukumbu isiwe ya kusifu tu.

Halafu walikuwapo Waparsi, wafuasi wa dini ya kale ya Zoroasta, ambao mababu zao walihama Iran wakakimbilia Gujarat, na wengine wakaja Unguja katika karne ya 19. Walikuwa wachache mno. Walikuwa na hekalu lao ambamo moto hauzimwi. Leo watalii wengi huja Shangani kutafuta nyumba ya mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa Septemba 5, 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa karani wa fedha serikalini. Na tangu mwaka 2019 kuna makumbusho yake. Picha yake inauzwa kwenye fulana. Waulizeni wauzaji wa fulana hizo alikuwa wa dini gani na watu wake wako wapi. Sisi tumewauliza. Mmoja alitujibu kwamba alikuwa Mwingereza.

Walikuwapo Wahindu, na wamebaki kidogo. Walikuwapo Waismailia na Waithnaasheri na Wabohora. Wenzetu Waanglikana wa Mkunazini hukumbuka kwamba soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, na misheni yao ikataka kujenga kanisa mahali pale, sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji. Wazee husimulia pia kwamba saa ya mnara wa kanisa lile ni zawadi ya Sultani Barghash, kwa sharti kwamba mnara usipite urefu wa Beit el-Ajaib. Mhindu ametoa kiwanja, Mwislamu ametoa saa, Mkristo amejenga. Mambo ya namna hii yalitokea katika mji huu huu, hayahitaji kutungwa.

Januari 12, 1964, yakatokea Mapinduzi. Hatukuja hapa kuyahukumu. Sababu zake zilikuwapo na zilikuwa nzito: utumwa ambao makovu yake hayakuwa yamepona, ardhi iliyokuwa mikononi mwa wachache, uchaguzi ambao waliopata kura nyingi hawakupata serikali. Lakini maelfu ya watu waliuawa katika siku zile, wengi wao Waarabu, na wengi wakiwa hawana kosa lolote ila ukoo wao. Walioweza kuondoka wakaondoka, siku zile na katika miaka iliyofuata: Waarabu, Wahindi, Wagoa, Waparsi. Mwaka 1970 wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu, na ulimwengu mzima ukasikia. Nyumba za waliokwenda zikataifishwa, wakaingizwa watu wengine.

Hapo ndipo tulipokuwa tukielekea tangu mwanzo. Baadhi yetu tuliomo humu ndani tunaishi katika nyumba hizo. Sisi wenyewe, katika wajumbe wa Tume, wamo watatu. Ukipita Mji Mkongwe utaona mlango wenye maandishi ya Kiarabu juu ya kizingiti na mwaka wa Hijra, na wanaoishi ndani hawajui kuyasoma. Utaona mlango wa Kigujarati wenye vitasa vya shaba, na shaba imekwisha kung'olewa ikauzwa. Utaona penye sanamu ndogo ya Bikira Maria palivyobaki kitundu ukutani, kama kile cha kwenye miimo ya Castelo de Vide. Mji wetu umeandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na ipo mamlaka ya serikali ya kuuhifadhi tangu mwaka 1985. Hata hivyo nyumba zinaanguka. Siku ya Krismasi mwaka 2020 sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib ilianguka, watu wawili wakafa. Ikiwa nyumba ya Sultani imeanguka mbele ya macho ya dunia, je, chumba cha mjane kule Malindi chenye nyufa kitatazamwa na nani?

Hatusemi kwamba mjane huyo atoke ili mwenyewe arudishiwe. Mjane hakumfukuza mtu. Aliingizwa humo akiwa na watoto wake, akalipa kodi, akaziba paa kwa fedha zake. Wala hatusemi kwamba aliyeondoka hana haki. Tume imesikia pande zote mbili, na tunakiri kwamba hatujaweza kupata mizani iliyo sawa. Lakini liko jambo dogo tunaloweza kulidai bila kungoja mahakama: kuwa na habari. Anayeishi katika nyumba ajue iliyojengwa na nani, na awafundishe wanawe jina hilo. Asiyejua amuulize mzee wa mtaa kabla mzee hajafa. Na asiyekuwa na njia ya kutengeneza nyumba asing'oe mbao na mawe yake kuuza.

Wengine mtasema: hayo ni mambo ya wenye mji, sisi Wakristo tu wachache hapa, tunalo letu la kutosha. Ni kweli tu wachache sana. Mwaka 2012 makanisa kadhaa yalichomwa moto katika kisiwa hiki. Siku ya Krismasi ya mwaka ule padre wetu mmoja alipigwa risasi, Mungu akamponya. Februari 17, 2013, asubuhi ya Jumapili, Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi nje ya kanisa huko Mtoni alipokuwa anafika kuadhimisha Misa. Mnakumbuka tulivyokaa siku zile. Mnakumbuka pia kwamba majirani zetu Waislamu walikuja misibani, wakaketi nasi mikekani, wengine wakiwa na aibu ya kosa ambalo hawakulitenda. Tulichowaomba siku zile kilikuwa nini? Kwamba watutambue kuwa sisi ni watu wa hapa. Basi ndicho hicho hicho wanachotudai Wagoa, na Waparsi, na wenye milango ile.

Kanisa lenyewe limejifunza jambo hili kwa kuchelewa, na tunapaswa kulisema bila kuficha. Oktoba 28, 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Tamko juu ya dini zisizo za Kikristo, likakataa chuki dhidi ya Wayahudi, likawataja Waislamu kwa heshima. Na Desemba mwaka huohuo Tamko jingine likathibitisha kwamba hapana mtu awezaye kulazimishwa katika imani. Machi 2000 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliomba msamaha hadharani kwa makosa ya wana wa Kanisa, kisha akaenda Yerusalemu akaweka karatasi ya sala katika mawe ya Ukuta wa Magharibi. Hata mtu wa serikali aliwahi kumtangulia kwa ishara: mwaka 1989 Mário Soares, Rais wa Ureno, alikwenda katika mji ule mdogo wa Castelo de Vide, akawaomba Wayahudi msamaha kwa jina la nchi yake. Ilikuwa imekwisha kupita miaka karibu mia tano. Waliotendewa hawakuwapo hata mmoja. Alikwenda tu.

Yule kijana wa Kipaimara tulimpa jibu hatimaye. Tulimweleza asili ya neno gereza kama tulivyowaeleza ninyi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali la pili, kama lugha inaweza kurudishwa nyuma, gereza likawa kanisa tena. Tukamwambia aende akamuulize paroko.

Sasa mambo ya kazi. Makaburi ya zamani ya Wakatoliki yamefunikwa na majani, na majina mengi ya Kireno kwenye mawe hayasomeki tena. Hayo ni yetu, hatuhitaji kibali cha mtu. Jumamosi ijayo saa moja na nusu asubuhi tutakutana hapo getini, kila jumuiya ilete watu watano. Vijana watakuja na madaftari ili waandike kila jina na kila mwaka unaosomeka kabla mvua za masika hazijaanza. Kuhusu makaburi ya wenzetu wa dini nyingine, tumekwisha kumwendea sheha, naye ametuambia tuandike barua. Barua imeandikwa, nayo tutawasomea baada ya Misa ili msikie tulichoahidi kwa niaba yenu. Mwenye panga alilete, na mwenye mfyekeo pia. Maji ya kunywa yatakuwapo.